Profesa wa Vifaru

Kwenye yadi ya vyuma chakavu walimwita Profesa, na hawakuwa wakimsifu.

Kazi yake ilikuwa ya getini. Lori likiingia anafungua, likitoka anafunga, anaandika namba ya gari kwenye daftari, basi. Kati ya lori na lori alikaa kwenye kibanda cha mabati chenye dirisha la ukubwa wa sinia, kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, na rafu aliyoipigilia mwenyewe kwa mbao za makreti. Juu ya rafu hiyo kulikuwa na vitabu kumi na kimoja, na vyote vilihusu vifaru vya vita: nani alivibuni, vilipigana wapi, vinaendeshwaje, na watu walikufaje ndani yake.

Vitabu hivyo vilimjia kwa njia ya takataka. Yadi ilinunua pia karatasi kuukuu, zikafungwa marobota kwenda kiwandani kusagwa. Mwaka mmoja walikuja watoto wa ofisa mstaafu wa jeshi, baba yao ndiyo kwanza amezikwa, wakashusha magunia sita ya vitu vyake. Walikuwa na haraka kama watu waliokuja kutupa kitu kinachonuka. Mpima mizani, ambaye yadi nzima ilimwita Kilo, akayapima na kuyamwaga kwenye lundo. Mlinzi wa geti alikwenda pale kuokota karatasi ya kukunja aweke chini ya mguu wa meza. Akainua kitabu, kikafunguka chenyewe. Ndani kulikuwa na mchoro wa kifaru kilichopasuliwa katikati kama samaki anayeandaliwa kwa kukaangwa, viungo vyote nje: injini nyuma, mzinga juu, mafuta ubavuni, na watu wanne wameketi kila mmoja kwenye tundu lake. Watu hao walichorwa bila nyuso.

Alisimama pale mpaka lori likampigia honi mara tatu.

Huyu alikuwa mtu aliyeishia kidato cha nne, akiwa mzuri wa fizikia na mbaya wa bahati. Tangu siku ya matokeo hakuna aliyewahi kumuuliza swali linalohitaji kufikiri. Waliuliza saa ngapi, tajiri yupo, choo kiko wapi. Kwa hiyo alipogundua kwamba kuna kitu duniani kilichoelezwa chote, kuanzia msumari mpaka moshi, na kwamba anaweza kukijua chote bila kumwomba mtu ruhusa, alikikumbatia. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza kigumu cha mafundi. Alitafuta kamusi kuukuu isiyo na jalada, akavisoma mstari kwa mstari kwa miaka tisa.

Akajua kwamba chuma cha mbele cha kifaru hulazwa mshazari ili kombora liteleze. Akajua kwamba mnyororo ukikatika vitani, watu hutoka kuutengeneza wakiwa wazi kama kuku aliyenyonyolewa. Akajua kwamba dereva hukaa chini kabisa mbele, na kwamba katika vifaru vingine mzinga ukisimama juu ya mlango wake hatoki mpaka mtu wa juu augeuze. Lililomkalia zaidi rohoni ni hili: wengi waliokufa ndani ya vifaru hawakuuawa na kombora la adui peke yake. Waliuawa na makombora yao wenyewe, waliyokuwa wameyapanga vizuri miguuni pao.

Mambo hayo aliyasimulia kwa yeyote aliyesimama getini zaidi ya dakika moja.

"Profesa!" Kilo humwita kutoka kwenye mizani. "Kifaru chako leo kimekula nini?"

"Hakili, kinakunywa. Kilomita mia moja, lita zaidi ya mia mbili."

"Basi ni ndugu yako. Maana na wewe chai yangu hubakizi."

Wanaume wa yadi hucheka. Kilo hunyanyua sauti zaidi: "Debe tupu haliachi kuvuma, jamani! Miaka tisa anasoma kifaru, hajawahi hata kukanyagwa na baiskeli!"

Mdogo wake Profesa alikuwa akicheka pamoja nao. Huyu alikuwa mkata chuma wa yadi hiyohiyo, na heshima yote ya nyumba ilikuwa kwake. Mkata chuma ndiye mfalme wa mahali kama pale. Ana miwani yake nyeusi, glavu zake za ngozi, mtungi wake wa gesi na wa oksijeni, na hakuna anayemgusia vitu hivyo. Ni mdogo aliyemwombea kaka kazi, si kaka aliyemwombea mdogo, na jambo hilo lilikaa kati yao kama mwiba wa samaki kooni: halionekani, lakini kila ukimeza unalisikia. Mchana alicheka na wenzake. Jioni, wakirudi kwa miguu kwenye nyumba ya mama yao, ambako wote waliishi, mdogo na mke wake na binti yao vyumba vya mbele, kaka na mama vya nyuma, alikuwa akisema, "Kaka, usijali maneno ya Kilo. Yule akili yake inaishia kwenye tani." Lakini hakuwahi kuyasema hayo mbele ya Kilo.

Mama yao alikuwa mtu wa sala. "Mwanangu," alimwambia kaka siku moja, akichambua mchele, "siku ya hukumu ukiulizwa ulisoma nini duniani, utajibu nini? Namna ya kuua watu?"

"Nitasema nilisoma namna ya kutoka humo ndani, mama."

"Na wewe uliingia lini?"

Wote wakacheka, hata yeye.

Kisha, Jumanne moja, kifaru kikaja.

Kililetwa na trela la magurudumu ishirini na mawili, kimefungwa minyororo minene kama mapaja ya mtu. Tajiri, mwenye yadi, alikuwa amekinunua kwenye mnada wa jeshi. Kilikuwa kimekaa nje mvuani miaka mingi, rangi imebanduka, majani yameota kwenye mfereji wa mnyororo. Profesa alifungua geti, akasahau kulifunga. Alitembea pembeni ya trela mkono wake ukigusa chuma, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa wake hospitalini. Siku hiyo hata Kilo hakusema kitu.

Karatasi ya mnada ilisema wazi kwamba kisikatwe kabla mtaalamu wa mabomu kutoka kambini hajakikagua. Tajiri alipiga simu kambini, akaambiwa mtaalamu atakuja Jumatatu. Lakini malori ya kiwanda cha kuyeyusha chuma yalikuwa yanakuja Alhamisi, na Tajiri hakuwa mtu wa kuliambia lori lisubiri. Alizunguka kifaru mara mbili mikono mgongoni. Kisha akageuka kuelekea getini.

"Mtaalamu wa nini?" alisema. "Si tunaye wa kwetu? Mwiteni Profesa."

Walimpa kiti. Walimpa soda baridi, na aliyeileta ni Kilo. Tajiri, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akimpungia mkono bila kumtazama, alimwekea kiganja begani. "Bwana, wewe ndiye unayevijua hivi vitu. Nataka neno moja tu kwako. Ni tupu, au si tupu?"

Ni vigumu kueleza furaha ya mtu anayeulizwa swali kwa mara ya kwanza. Alipanda juu na tochi, akashuka kwenye mlango wa kamanda, na sauti yake ikatoka ndani ya chuma ikiwa nzito kama ya mtu mwingine. Aliwaeleza kila kitu. Hapa alikaa mpiga mzinga. Hapa alisimama mpakiaji, mtu mfupi, maana mrefu angevunjika shingo. Makombora yaliwekwa hapa nyuma ya kichwa cha kifaru: patupu, tazameni. Yakawekwa hapa ukutani: vishikio vitupu. Yakawekwa hapa sakafuni: hakuna. Wanaume walikuwa wamepanda juu, wakichungulia mmoja mmoja kwa zamu, wakisema "Aisee!" Mdogo wake alichungulia mwisho. Miwani yake ilikuwa kwenye paji la uso.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "yote haya uliyatoa kwenye vile vitabu?"

"Yote."

"Mungu wangu." Akatikisa kichwa. "Na sisi tunacheka."

Hapo ndipo tochi ilipoangukia pembeni ya kiti cha dereva, upande wa kulia. Kulikuwa na tangi kubwa la chuma. Lilinuka dizeli. Usoni lilikuwa na matundu ya duara, safu kwa safu, kama mzinga wa nyuki. Ya juu yalikuwa wazi na makavu. Ya chini yalikuwa yamejaa tope lililoganda na majani yaliyooza, na nyuma ya tope, katika matundu mawili au matatu, kulionekana kitu cha duara chenye kutu, kama kifuniko.

Tangi la mafuta, aliwaza. Mafuta hukaa ubavuni. Lakini tangi la mafuta linatobolewa matundu kwa sababu gani?

Hakukumbuka. Yeye aliyekumbuka unene wa kila bamba, hapo hakukumbuka. Akatoka, akawaambia wangoje kidogo, akaenda kibandani kwake.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha tatu kutoka kushoto, kinene, kilichoeleza aina hiyo hasa ya kifaru. Alijua mahali pa kutazama. Yaliyomo yalimwonyesha: sehemu ya dereva, kurasa mbili. Na hizo kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Zilinyeshewa kwenye gunia la ofisa kabla hazijamfikia, zikakauka zikiwa zimekumbatiana, na kwenye uso wa nje wa mojawapo palikuwa na picha nzuri kuliko zote katika vitabu vyote kumi na kimoja, ya rangi, kifaru kikivuka mto, maji yakimeremeta. Miaka tisa hakuthubutu kuzibandua. Aliogopa picha ingechanika. Alikuwa amejiambia kwamba kurasa mbili katika mia tatu si kitu, na kwamba mtu mwenye akili hukisia kilichopo.

Alishika kisu cha kukatia kamba. Alikiweka kwenye ukingo wa karatasi.

"Profesa!" Ilikuwa sauti ya Tajiri, nje. "Vipi huko? Umelala?"

"Mwacheni," alisema Kilo, na wote wakasikia. "Anatafuta msamiati."

Kikapasuka kicheko. Hakikuwa kikubwa, lakini alikijua kicheko kile kwa miaka tisa, na nyuma yake alisikia kingine kikijipanga. Alimwona Tajiri kwenye dirisha akitazama saa. Alimwona mdogo wake amesimama pembeni, hacheki, anamtazama kwa uso aliokuwa hajawahi kuuona, uso wa mtu anayejivunia ndugu yake. Neno alilotakiwa kusema lilikuwa fupi. *Sijui.* Watu husema kuuliza si ujinga, lakini waliosema hivyo hawakuwa wamecheleweshewa heshima yao miaka tisa. Akasema moyoni: nikisema sijui, kesho narudi kuwa wa saa ngapi na choo kiko wapi.

Akarudisha kisu mezani. Akatoka.

"Ni tupu," alisema. "Pale pembeni ni tangi la mafuta tu. Mkinge dizeli iliyobaki, mwoshe kwa maji, mkate."

Kilo akasita. "Una hakika, Profesa? Maana mimi sitaki kuruka bila mbawa."

Aliyejibu ni mdogo wake. Aliteremsha miwani machoni, akavuta glavu, akasema kwa sauti yadi nzima isikie, "Kaka yangu akisema ni tupu, ni tupu. Siku zote mnamcheka, leo mmempigia magoti. Hebu nipisheni."

Ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kuhusu kaka yake, na alilisema mbele ya Kilo.

Walikinga dizeli, wakaosha, wakaacha kikauke. Jumatano saa nne asubuhi mdogo mtu alipiga magoti mbele ya kifaru upande wa kulia, akawasha moto. Profesa alikuwa getini na dereva wa lori la kokoto, akimweleza jinsi tangi lilivyokuwa na matundu na jinsi yeye alivyolitambua. Alikuwa katikati ya sentensi.

Tuseme machache. Tangi lile lilikuwa la mafuta, kweli. Na lilikuwa pia ghala. Wabunifu wake walipitisha mirija katikati ya mafuta na ndani ya kila mrija wakalaza kombora, kama mayai kwenye trei yake. Vile vilivyoonekana kama vifuniko vya kutu vilikuwa ni vitako vya makombora matatu ambayo mtu fulani kambini, miaka mingi nyuma, hakujisumbua kuyatoa.

Kilo alipoteza sikio moja, halisikii hadi leo. Mdogo mtu hakupoteza kitu, maana hakubaki wa kupoteza. Ilibidi wamtafute kati ya vyuma. Walileta kreni ya sumaku, ikainua chuma chote kilichotawanyika, kipande baada ya kipande, ikaacha chini kile ambacho sumaku haikitaki. Kaka yake alipita nyuma ya kreni na shuka la kijani lililotolewa ofisini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hakuna aliyemwambia aache.

Jeneza lilikuja limepigwa misumari. Mama alitaka kuuona uso wa mwanawe.

"Mama," walimwambia wazee wa ibada, "mkumbuke alivyokuwa."

"Alivyokuwa nakumbuka. Nataka alivyo."

Hawakumfungulia.

Msibani watu husema kwa kunong'ona, lakini mnong'ono wa msibani una miguu mirefu. *Ndiye huyo aliyemsomea. Nusu ya elimu ni sumu. Mwenzake kakata chuma miaka kumi na mbili hajaungua hata kidole, siku aliyomsikiliza kaka mtu ndiyo siku aliyokufa.* Shangazi mmoja alikataa kupokea maji mkononi mwake. Mjomba wa mjane alimwuliza, bila kushusha sauti, kama katika vitabu vyake kumeandikwa pia namna ya kulea yatima.

Mama ndiye aliyesimama. Aliinuka kwenye mkeka, mwanamke mwembamba asiyefika hata begani kwa mtu, akasema, "Nisikilizeni. Nimezaa wawili. Mmoja mmekwisha mzika, msinizikie wa pili akiwa hai. Mwanangu aliulizwa, akajibu alichokijua. Naapa kwa jina la Mungu, hakujua! Mtu hahukumiwi na Mungu kwa asilolijua, na mnaotaka kumhukumu ninyi, tangulieni kumwambia Mungu kwamba mmekuwa wakubwa kuliko yeye."

Profesa alikuwa ameketi mlangoni. Alilia wakati huo kwa mara ya kwanza, na wote wakadhani analia kwa shukrani.

Wiki ya tatu waliitwa kwenye uchunguzi, katika ofisi yenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Alikuwepo Tajiri na suti yake. Alikuwepo sajini wa mabomu kutoka kambini, mtu wa masharubu aliyeonekana hana usingizi. Alikuwepo mama, aliyekataa kubaki nyumbani, na mjane. Vitabu viliwekwa mezani kama ushahidi.

Sajini alipekua kile kinene. Alifika mahali, akasita, akapapasa unene wa karatasi kwa vidole viwili. Kisha akatia wembe kati ya kurasa, akavuta mara moja. Zilibanduka kwa mlio mdogo, kama plasta ikitolewa kwenye kidonda. Picha ya nje haikuchanika hata kidogo.

"Ipo hapa," alisema sajini. "Mistari mitano." Akaisoma, polepole, akitafsiri kwa ajili ya wasiojua Kiingereza. Tangi la mbele kulia hubeba mafuta pamoja na makombora. Lisitobolewe. Lisikaribiwe na moto. "Mtoto wa shule angeielewa."

"Mimi si msomi," alisema Tajiri. "Mimi nanunua na kuuza. Kwenye jambo la kitaalamu nilimwuliza mtaalamu wa kampuni, akaniambia ni tupu. Mashahidi wapo."

Karani akaandika: *mtaalamu wa kampuni*. Profesa aliiona kalamu ikiyachora maneno hayo. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo pasipo mtu kucheka.

"Wewe ukurasa huu ulikuwa umeuona?" sajini alimwuliza.

"Sikuuona."

"Hukuuona kabisa?"

"Ulikuwa umegandana. Sikuwahi kuuona."

Ikaandikwa hivyo. Ilikuwa kweli, kila neno. Swali la karatasi ya mnada na la Jumatatu ambayo Tajiri hakuisubiri liliulizwa mara moja, likajibiwa na mwanasheria wa Tajiri, halikurudi tena. Ajali kazini, walisema. Wakaambiwa wanaweza kwenda.

Nje, mama alimshika mwanawe mkono mbele ya watu wote. "Umesikia? Hakuuona," alimwambia mjane. "Nilisema mimi. Mungu si mwanadamu, hasahau kweli."

Mjane aliendelea kutembea. Alikuwa hajasema maneno kumi tangu mazishi.

Jioni hiyo, kabla ya sala, walikuwa watatu sebuleni. Mtoto alikuwa kwa jirani. Mjane alikuwa akikunja nguo za marehemu, mashati ya kazi yenye matundu madogo ya cheche kifuani. Alizungumza bila kuinua macho.

"Shemeji, nina swali moja. Nikijibiwa nitanyamaza."

"Uliza, shemeji."

"Kilo alikuja juzi kunipa pole. Akaniambia kwamba kabla hujasema ni tupu, uliingia kibandani ukakaa kidogo. Uliingia kufanya nini?"

Mama alikuwa amekwisha tandika mahali pa kusalia. "Aliingia kufanya nini, aliingia kupumzika! Mwanangu, mjibu mwenzio tukasali."

Palikuwa na majibu mengi. Kunywa maji lilikuwa jibu. Kufunga daftari lilikuwa jibu. Hakuna mtu duniani angeweza kuyakanusha, maana pale kibandani hapakuwa na shahidi ila Mungu, na Mungu haitwi kwenye uchunguzi. Mama alikuwa akimtazama kwa macho yale yale aliyosimama nayo msibani. Mwanawe akajua kwamba akisema maji, macho yale atakuwa nayo mpaka siku ya kufa kwake. Na akajua pia kwamba kila siku atakuwa anayaiba.

"Niliingia kutafuta ukurasa," alisema.

Mikono ya mjane ikasimama juu ya shati.

"Niliona yale matundu kwenye tangi, sikujua ni ya nini. Nikaenda kutazama. Nikakuta kurasa zimegandana. Nikashika kisu nizibandue. Halafu wakacheka nje." Aliyatazama yale mashati. "Nilikuwa na shaka. Nilijua sijui. Nikasema ni tupu."

"Kwa sababu walicheka," alisema mjane.

"Kwa sababu walicheka."

Mjane alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyemaliza kusoma barua. Akarudi kukunja. Alikunja shati la mwisho, akayapanga yote ndani ya begi, akaenda kumchukua mtoto kwa jirani. Kesho yake asubuhi alirudi kwa wazazi wake. Hakumtukana shemeji yake. Mtoto alipotaka kumuaga baba mkubwa, mama yake alimgeuza uso kwa kiganja, kwa upole, kama anayemkinga na jua.

Mama alibaki ameketi usiku ule mahali aliposalia. Mwanawe alimpigia magoti.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema. "Mungu ameniamuru, na mimi sijawahi kumkatalia." Aliusogeza mbali mguu wake uliokuwa umeguswa na mkono wa mwanawe. "Nilisimama mbele ya watu nikaapa kwa ajili yako. Jina la Mungu nililitaja."

"Najua, mama."

"Ulikuwa umekaa mlangoni. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Ukaniacha niape."



Wanaishi wawili sasa katika nyumba ile, vyumba vya mbele vimefungwa. Yeye bado ni wa getini. Tajiri hakumfukuza, maana mtu aliyeandikwa mtaalamu akifukuzwa watu huuliza kwa nini. Wanaume wa yadi hawamwiti Profesa tena. Hawamwiti kitu. Kilo humpa sikio bovu. Rafu ni tupu. Vitabu vilibaki kwenye ile ofisi, na hakuna aliyekwenda kuvidai.

Mama humpikia, humfulia, humwekea maji ya kuoga. Kila jioni husali kwa sauti, naye hupiga magoti nyuma yake. Humwombea marehemu, alale pema. Humwombea mjane apate nguvu, na mtoto akue. Humwombea Kilo na sikio lake. Humwombea hata Tajiri, Mungu amwoshe moyo. Kisha hunyamaza, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara moja, na nyuma yake mwanawe hufumba macho zaidi na kungoja.

Mama husema amina.

Naye huitikia, amina.